Miaka mitatu na baiskeli ya mazoezi ya mtumba: goti lililopasuliwa linasemaje

Niliinunua Julai 2022 hapa Tanga, Ngamiani, kwa kaka mmoja anayeleta mali ya kontena kutoka Dubai. Mbele alipanga majokofu na majiko ya gesi. Nyuma kabisa, imeegemezwa ukutani na kuzibwa na magodoro, ndiyo ilikuwapo hii baiskeli ya mazoezi ya kukaa pale pale. Alianzia laki tatu na nusu. Nikazungusha pedali kwa mkono, nikamwambia, "Kaka, hii inakwaruza." Akanijibu, "Mwalimu, hiyo ina kiu ya grisi tu." Tukamalizana kwa laki mbili na themanini, bajaji ikaifikisha nyumbani kwa elfu saba. Lebo ya kampuni ilishabanduka, kwa hiyo ninayoyasema hapa yanahusu aina yake: ya kukaa wima, ina gurudumu zito la chuma mbele, mkanda wa mpira badala ya cheni, breki ya sumaku yenye kirungu cha namba 1 hadi 8, na kioo kidogo cha betri mbili. Umeme haihitaji, na kwangu hilo lilikuwa sharti, maana saa yangu ya mazoezi ni alfajiri na umeme unaweza kukatika saa yoyote.

Nyumbani walishangaa. Tanga ni mji wa baiskeli, wazee kwa vijana, na mimi mwenyewe ninayo ya kwendea sokoni. Mama mdogo aliuliza kwa nini nitoe hela yote hiyo kwa baiskeli isiyokwenda. Nilimweleza kwamba kukanyaga pedali hakujawahi kuniumiza. Ninachokiogopa ni kushuka. Bodaboda ikikukatia mbele, unatupa mguu chini wakati mwili bado unageuka. Hivyo hivyo ndivyo kano yangu ilivyokatika.

Ilikuwa Agosti 2013, mazoezi ya mpira wa pete ya timu ya watumishi wa halmashauri. Nilidaka pasi hewani, nikatua kwa mguu wa kushoto, nikageuka kumtafuta mfungaji. Mwili ukageuka, unyayo ukabaki. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia "ko", kama mtu aliyevunja kijiti kikavu cha muhogo, na mwenzangu aliyekuwa karibu alisikia pia. Kufikia magharibi goti lilikuwa limejaa kama dafu. Machi 2014 nikapasuliwa kurekebisha kano ya msalaba ya mbele, ile ambayo vijana wa mpira wanaiita ACL. Walichukua kano mbili za nyuma ya paja langu mwenyewe, wakazikunja pamoja kuwa kamba moja, wakaipitisha kwenye matundu waliyotoboa katika mfupa wa paja na mfupa wa muundi.

Upasuaji wenyewe ulifanywa vizuri, nawaombea dua hadi leo. Kilichoniumiza ni kilichofuata. Nilitoka na karatasi moja ya mazoezi, na mazoezi yenyewe yaliishia wiki ya 12. Nilipokwenda kuonwa mwezi wa sita niliambiwa, "Umepona, kacheze." Hospitali siitaji, na aliyeniambia naamini alinitakia heri. Nikacheza. Mwezi wa nane meniski, ule mto wa gegedu ulioko katikati ya goti, ukachanika, na 2015 wakaukata kipande. Miaka mingi baadaye ndipo nikaja kusoma utafiti wa 2016 uliohusisha wachezaji wa Oslo: kila mwezi mtu aliosubiri kabla ya kurudi uwanjani, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Miezi mitatu ya subira ndiyo iliyonipungukia. Ikiwa wewe au binti yako mko mwezi wa sita sasa hivi na goti linajihisi zima, tafadhali ngojeni.

Nimeanza mbali kwa sababu bila historia hiyo hutaelewa kwa nini mtu anunue chombo cha namna hii miaka minane baada ya upasuaji. Mwaka 2021 goti lilianza kuvimba jioni, siku ninazosimama darasani vipindi sita. Asubuhi lilikuwa linakaza kama bawaba yenye kutu, nikipiga hatua ishirini linalegea. Ngazi za kupanda nilizimudu, za kushuka ndizo zilinitesa. Eksirei ikaonyesha nafasi ya upande wa ndani wa goti, palepale meniski ilipokatwa, imekuwa nyembamba kuliko ya upande wa nje. Gegedu limeanza kulika. Nilikuwa na miaka 37.

Nilidhani kosa ni langu peke yangu, kumbe jambo hili linajulikana. Mapitio ya wataalamu wa Uswidi ya 2007 yalisema kwamba takriban nusu ya watu waliokatika kano hii au meniski, miaka 10 hadi 20 baadaye, goti lao limesagika na linauma. Upasuaji unalituliza goti lisiteleze, lakini haujathibitika kwamba unazuia kusagika huko. Habari hiyo inapaswa kuwa kwenye ile karatasi ya wiki 12, mstari wa kwanza kabisa.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa mazoezi tiba, umri wake sawa na mdogo wangu wa mwisho. Alinilaza, akalivuta goti mbele na nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachukua futi ya fundi cherehani, akapima sentimita kumi juu ya pia ya goti, akazungushia futi pajani. Kulia, sentimita 50. Kushoto, 46 na nusu. Akanikalisha kwenye kiti, akaniambia niinuke kwa mguu mmoja bila kushika kitu. Kulia nikainuka. Kushoto sikubanduka. Nilijaribu mara tatu, na mara ya tatu machozi yalinitoka, kwa kuwa miaka saba nzima nilikuwa natembea, nafundisha, napanda daladala, na sikujua kwamba mguu mmoja unaubeba mwenzake.

"Dada, kano yako ni nzima," akasema. "Paja ndilo limelala."

Akanieleza kwamba goti likiumia na kuvimba, ubongo hupunguza amri kwa msuli mkubwa wa mbele ya paja, na hali hiyo inaweza kubaki miaka hata kama kano imeungwa. Msuli ule ndio unaopokea mshindo unapotua au unaposhuka ngazi. Ukilala, mshindo unakwenda kwenye gegedu. Ndiyo sababu akanishauri baiskeli ya ndani kwanza, ili goti lizunguke bila kugongwa, uvimbe utulie, halafu ndipo tuongeze mazoezi ya uzito. Baadaye nilikuta kitu kilichonipa imani zaidi. Berlin, Ujerumani, madaktari waliwawekea wagonjwa magoti bandia yenye vipimo ndani yake, wakapima mzigo wenyewe. Kutembea tu kunalitwisha goti mzigo wa mara mbili na nusu hivi ya uzito wa mwili. Kuendesha baiskeli ya ndani kwa nguvu ndogo ni kama uzito wa mwili mara moja. Mimi wakati huo nilikuwa kilo 86, hesabu hiyo niliifanya haraka.

Sasa chombo chenyewe.

Wiki tatu za kwanza nilitaka kukirudisha. Goti liliniuma mbele, chini ya pia, maumivu ambayo sikuwa nayo kabla. Nilimpigia yule kijana, akaniuliza swali moja tu: siti iko wapi? Nilikuwa nimeiweka chini ili miguu yote miwili ifike sakafuni, kama nilivyozoea kwenye baiskeli ya sokoni. Siti ikiwa chini, goti linakunjika sana kila mzunguko na pia ya goti inakandamizwa juu ya mfupa wa paja. Alinifundisha hivi: kaa, weka kisigino juu ya pedali, ishushe mpaka chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo panapotakiwa.

Tatizo likawa matundu. Bomba la siti lina matundu sita ya pini, kila moja likiachana na jirani yake kama vidole viwili. Tundu la nne lilinifanya nikunje mno, la tano lilinifanya niyumbe nyonga kuifuata pedali. Nikalichomoa bomba, nikampelekea fundi baiskeli wa mtaani. Akalipima kwa kijiti cha kiberiti, akatia alama ya msumari katikati ya matundu mawili, akatoboa polepole huku akidondosha mafuta ya taa ili ncha isiungue, akasugua kingo kwa tupa mpaka kidole kikipita hakikwaruzwi. Elfu tano. Tundu hilo ndilo lililoiokoa baiskeli hii. Tangu siku ile maumivu ya mbele yalikwisha ndani ya siku kumi. Kama unanunua mpya, tafuta yenye siti ya kukaza popote kwa kirungu badala ya matundu. Ikiwa una miguu mizima yote miwili, vidole viwili ni kitu kidogo. Kwa goti kama langu ni kila kitu.

Nilianza na dakika nane, namba 1, pedali ziende bila kupaparika. Leo ni dakika 25 baada ya swala ya alfajiri, siku tano kwa wiki, namba 4, na dakika tano za katikati namba 6. Kanuni niliyopewa ni ya kesho yake asubuhi: goti likiamka limevimba au linauma kuliko jana, nimezidisha, narudi nyuma namba moja. Likiamka kama lilivyolala, naendelea. Kanuni hiyo imenifaa kuliko kioo cha baiskeli, ambacho kinatoa kilomita na kalori nisizoziamini hata kidogo. Nimekiachia kazi ya kuhesabu dakika tu.

Breki ya sumaku ni nzuri sana. Haigusi gurudumu, kwa hiyo haichakazi wala haipigi kelele, na mzigo unapanda taratibu. Jirani yangu alinunua ya bei nafuu zaidi yenye kitambaa kigumu kinachokaba gurudumu. Ndani ya mwaka mmoja kitambaa kililika na baiskeli ikawa inakaba kwa kushtukiza. Goti lililopasuliwa halipendi kushtukizwa. Yangu nimewahi kuiendesha watoto wamelala chumba cha pili na mlango wazi.

Lakini lazima niseme ukweli kuhusu ambacho baiskeli haikufanya. Miezi sita ya kwanza uvimbe wa jioni ulikwisha kabisa, na kule kukaza kwa asubuhi kukapungua. Nilifurahi nikadhani nimemaliza. Tukapima paja: 47. Nusu sentimita, basi. Na kwenye kiti bado sikuinuka kwa mguu wa kushoto. Kijana akaniambia baiskeli inalipatia goti mwendo na pumzi, ila msuli uliolala miaka saba unaamshwa na mzigo mzito. Ndipo tukaongeza, mara tatu kwa wiki: kupanda na kushuka tofali la inchi sita kwa mguu wa kushoto, polepole hasa wakati wa kushuka, kukaa na kuinuka kitini nikiwa nimekumbatia begi la mchele, kwanza kilo tano, sasa kilo kumi na tano, na kuinua visigino nimesimama mguu mmoja ukutani. Sasa hivi kushoto ni 49, kulia 50 na nusu. Naweza kuinuka kitini kwa mguu wa kushoto mara kumi na mbili, wa kulia mara kumi na tano. Bila baiskeli nisingeweza kuyavumilia mazoezi hayo, kwa sababu goti lilikuwa linavimba kabla sijafika popote. Anayekuuzia baiskeli hizi akikuambia peke yake inatosha, usimkubalie.

Na kuna jambo la kukunja goti mpaka mwisho. Baiskeli inalikunja goti kama nyuzi 110 hivi. Kikao cha tahiyatu kinahitaji zaidi ya hapo kwa mbali, na choo cha kuchuchumaa vilevile, na kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Niliswali kwenye kiti miaka mitano. Sasa nasujudu chini, nimeweka taulo lililokunjwa mara nne chini ya goti, kwa kuwa ngozi ya mbele ya muundi, chini ya kovu, haina hisia sawasawa tangu siku ya upasuaji. Lakini tahiyatu bado nanyoosha mguu wa kushoto pembeni. Nilimuuliza shehe wetu, akaniambia mwenye udhuru hukaa anavyoweza. Siku ya kwanza niliporudi kusujudu sakafuni, Ramadhani ya 2023, nilikaa pale chini muda mrefu kuliko wenzangu wote safuni. Mbuzi nimeuacha; nakunia nazi kwenye kile cha kufunga mezani.

Uzito nao. Nimeshuka kutoka kilo 86 hadi 79, na siwezi kusema ni baiskeli tu, nimepunguza pia wali wa usiku na soda za mapumziko shuleni. Kuna utafiti wa Marekani wa 2005 kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika: kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza mzigo wa goti kama kilo nne katika kila hatua. Kilo zangu saba ni ishirini na nane kwa kila hatua. Nikishuka ngazi za shule naihisi tofauti hiyo.

Kasoro za chombo. Hewa ya chumvi ya Tanga haikisamehe: boliti za miguu zilianza kutu ndani ya miezi minne, na nisingezipaka grisi zingekatikia humo humo. Kanda ya kushikia unyayo upande wa kushoto ilikatika mwaka wa pili. Nimefunga kipande cha mpira wa tyubu, na kinashika vizuri kuliko ile ya plastiki. Usiiache bila kanda, maana unyayo ukiteleza goti linapinda upande. Sakafu yangu ina mteremko kidogo na baiskeli ilikuwa inacheza, nikaweka vipande vya tairi kuukuu chini ya mguu mmoja. Siti ni ngumu, dakika ya kumi na tano utaijua. Mto mdogo wa sufi ulinitosha. Na mkanda wa mpira sasa umeanza kuteleza nikifika namba 6, unatoa mlio kama wa ndege.

Ni ya nani, basi? Kama umepasuliwa juzi, usinunue kwa kunisoma mimi; mtaalamu wako ndiye atakayekuambia wiki ya kuanza, na goti likiwa bado limejaa maji halikunjiki kuzunguka pedali. Kama miaka imepita, unatembea, unafanya kazi, na jioni goti linakukumbusha, kwanza tafuta mtu akupime paja na akuangalie ukiinuka kitini kwa mguu mmoja. Kipimo hicho cha futi na kiti hakigharimu chochote, na natamani kila mwalimu wa michezo aliyewahi kupasuliwa akifanye leo leo. Wasichana wetu wa mpira wa pete zaidi, kwa sababu wanawake wanakatika kano hii mara nyingi kuliko wanaume kwenye michezo ya kuruka na kugeuka. Mimi timu yangu ya shule naifundisha kutua: magoti yamekunjika, yameelekea vidoleni, miguu yote miwili, kabla hawajagusa mpira.

Ukienda Ngamiani kununua, panda juu yake palepale dukani, usione haya. Weka kisigino kwenye pedali uone siti inafika. Zungusha namba zote nane usikilize. Shika siti uitikise. Muulize kama mkanda unapatikana, maana yeye hakuniambia na mimi sikumuuliza. Wangu nimeuagiza Dar kwa elfu ishirini na tano, unakuja na basi la Ijumaa.